Usiku Mmoja na Nusu Siku

Rehema mwanangu,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana asubuhi na kesho tutaagana kwa mdomo kabla hujapanda ndege. Umekwenda Kinanira kuwaaga wenzako wa chuo, na kwa ninavyokujua wewe na maagano yako, utarudi chakula kimeshapoa. Basi nimefunga duka mapema, nimekaa kwenye mkeka uani, naandika. Barua hii nitaitia katikati ya nguo zako. Uisome ukishafika, usiifungue ndani ya ndege ukaanza kulia mbele ya watu usiowajua.

Kama unatafuta humu habari za koti zito na dawa ya tumbo, hutaziona. Hayo nimeshakuambia mpaka umeniomba nikome. Shangazi zako nao wamekuambia, na kila anayekuja kuaga amekuachia la kwake, hata wale ambao hawajawahi kuvuka mto Rusizi wakaona ng'ambo. Mimi nina jambo moja tu, na limenikwama kooni kama mwiba wa samaki mukeke.

Nimeshtuka, Rehema. Tangu Jumamosi nimeshtuka na sijapoa. Umeniona nikipima vitenge dukani nikakosea, umeniona nikitia chumvi mara mbili kwenye maharage, ukadhani ni huzuni ya kukuaga. Huzuni ipo, sikatai. Lakini kilichonitoa akili si huzuni.

Jumamosi tulipokwenda mjini kuchukua tiketi, wewe ulikaa pembeni ukiandikiana na watu kwenye simu. Mimi nilisimama mbele ya meza ya yule kijana wa tiketi, nimevaa buibui yangu nzuri, najiona mama wa msafiri. Nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, maana alikuwa mtoto mwenye adabu:

"Na huko Montréal ni mbali aje?"

"Kama ndege ingeenda moja kwa moja, mama, ni kilometa elfu kumi na moja na kitu. Lakini inapitia Bruxelles kwanza, kwa hiyo inaongezeka."

"Ni siku ngapi?"

"Siku?" Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua. "Haiko siku, mama. Anapanda Alhamisi magaribi. Ijumaa asubuhi iko Bruxelles, anangoja kidogo. Ijumaa saa sita ya muchana, saa ya kwao, amefika. Ukihesabu yote na kungoja, ni saa ishirini na tatu hivi."

"Kwenda na kurudi?"

"Kwenda, mama. Kurudi nayo ni vilevile."

Nilishika meza. Yule kijana akadhani nimeona kizunguzungu cha joto, akaniletea kiti. Nilikuwa nahesabu, na hesabu yenyewe ni ndogo sana, hata mtoto wa madrasa angeifanya. Magharibi unatoka Bujumbura. Magharibi ya pili umefika. Swala nne tu katikati, basi. Na mimi kwa miaka yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Kanada ni safari ya siku tano.

Unajua nani aliniambia siku tano. Mjomba wako Shabani.

Ulikuwa mdogo alipoondoka, lakini unamkumbuka alivyokuwa: fundi wa magari, mikono haitoki grisi, mdomo hautoki kicheko. Aliondoka wakati wa vurugu, watu wengi walipokuwa wakiondoka, na hakuaga vizuri, kama wengi wao. Tulipompata kwenye simu alikuwa ameshafika huko. Akasema, dada, ni mbali sana, ni siku tano, unabadilisha ndege na kubadilisha, unalala njiani kwenye viti. Nikaamini. Ningemkatalia kwa nini? Mimi ndege nazijua zikipita juu ya kichwa changu.

Halafu lilikuja lile pipa. Unalikumbuka pipa la buluu, lililojaa nguo na viatu na sufuria? Shabani alilituma, likapita baharini mpaka Dar es Salaam, likapanda lori mpaka Kigoma, likavuka ziwa na mifuko ya saruji, na baba yako ndiye aliyelitoa forodhani pale bandarini, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Miezi mitatu. Tulipolifungua hapa uani majirani walikuja kuangalia, na wazee wakapiga hesabu yao: kama pipa linachukua miezi mitatu, na mtu ni mwepesi kuliko pipa lakini lazima ale na alale, basi siku tano ni sawa kabisa, tena Shabani ana bahati. Tulicheka siku hiyo. Mimi nikabaki na kipimo hicho kichwani, kipimo cha pipa, na nikampima nacho ndugu yangu.

Usinicheke. Au cheka, nimestahili. Bibi yako alikwenda Makka kwa ndege, na alikuwa akisimulia kila mara: asubuhi yuko Bujumbura, na usiku haujakucha ameshafika Jedda. Ningeweza kuhesabu kutokea hapo. Lakini mimi, mwanamke niliyesoma, niliona Makka ni Makka, huenda Mungu mwenyewe anaivuta karibu kwa ajili ya wanaokwenda.

Sasa unajua nilipokwenda na mawazo yangu pale kwenye kile kiti. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kitandani kwa bibi yako.

Aliugua karibu mwezi mzima. Haikuwa ajali, haikuwa ghafla. Alikuwa akipungua kidogo kidogo mbele ya macho yetu, na wewe ulikuwa ukitoka shule unamsomea Yasini. Nilimpigia Shabani siku ya kwanza daktari alipotikisa kichwa. Akalia. Akasema, dada, ni siku tano, na karatasi, na kazi, nitajaribu. Kila nilipopiga, ni mbali dada, ni mbali. Mwezi mzima, Rehema. Katika mwezi mzima mtu wa safari ya siku moja angekuja, akarudi, akasahau kitu, akaja tena.

Na mimi nikafanya jambo ambalo hujalijua. Bibi yako alipoanza kumuulizia sana, nilimwambia Shabani yuko njiani. Ndiyo, nilimdanganya mama yangu mgonjwa. Kila asubuhi nikimwosha uso ananiuliza, "Amefika wapi?" Nami namsogeza. Siku moja nilimwambia yuko Ulaya, amelala uwanja wa ndege. Siku nyingine nikamfikisha Nairobi, nikasema wamemzuia kidogo kwa ajili ya chanjo. Nilikuwa namsogeza polepole kusudi asimalize njia kabla ya mgonjwa kupata nguvu. Usiku wa mwisho nilikuwa nimeshamfikisha Kigali. Alfajiri bibi yako akafariki, na Alasiri tukamzika, kama ilivyo desturi yetu. Aliyeshuka kaburini kumpokea, mahali pa mwanawe wa kiume, alikuwa baba yako.

Matangani watu walikuwa wakiuliza Shabani yuko wapi. Nilikuwa najibu, yuko mbali, ni siku tano. Nao wanatikisa vichwa: mbali, mbali sana, masikini, Mungu amtie nguvu. Hakuna aliyebisha. Neno lile lilitufunika wote kama shuka.

Sasa umeelewa kwa nini nilikuuliza tulipotoka pale ofisini, tumesimama juani tukingoja teksi yenye mafuta, kama unalijua jambo hili. Ulijibu ukiangalia viatu vyako.

"Mi najua tangu sekondari, mama. Niliangalia ku simu."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kila mutu anajua."

Kila mutu. Ulilisema kwa upole, najua hukukusudia kunichoma. Lakini nililala nalo, na Jumapili asubuhi nilikwenda kwa Bi Mariamu, jirani yetu, aliyekaa na bibi yako tangu wote wawili wana meno. Hata chai sikuonja. Nikamuuliza kama na yeye alijua kwamba Kanada si siku tano.

Aliendelea kuchambua mchele wake.

"Mwanangu, mi nina wajukuu wawili kule. Mumoja alikuja ku Idi, alikaa wiki mbili, akarudi. Ungetaka nisijue?"

"Na matangani ulisema mbali sana. Ulisema mbele yangu."

"Nilikusitiri. Wote tulikusitiri. Ungetaka tuseme aje, mama amelala pale hajazikwa? Kwamba iko karibu na hakukuja?"

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa mshtuko. Haukuwa mwisho. Bi Mariamu akaweka ungo chini, akanishika mkono, akasema bibi yako naye alijua. Alikuwa amepanda ndege ya Makka, alijua ndege inavyokwenda. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba Shabani hayuko njia yoyote. Bi Mariamu aliwahi kumuuliza kwa nini ananiacha niseme uongo ule kila asubuhi, naye akajibu, kwa ile sauti yake ya mwisho:

"Muache. Ananiletea mutoto wangu polepole."

Nilirudi nyumbani nikajifungia chumbani. Ulinigongea ukaniuliza kama kichwa kinauma, nikasema ndiyo. Kichwa hakikuwa na neno. Nilikuwa nimegundua kwamba mimi niliyejiona ninamficha kila mtu, ndiye niliyekuwa nimefichwa na kila mtu, na hata marehemu alinifunika mimi kabla sisi hatujamfunika yeye. Sitara ni jambo jema, dini imelisifu, na mimi mwenyewe nimelelewa nayo na nimekulea nayo. Lakini sikujua mtu anaweza kusitiriwa mpaka akabaki peke yake hivi.

Nilimkasirikia Shabani hasira ambayo sijawahi kuionja. Jumatatu nikangoja mpaka Alasiri, maana kwao ndiyo asubuhi, nikampigia. Sikumsalimia.

"Shabani, ndege kutoka hapa mpaka kwako ni siku ngapi?"

Nilisikia mlango unafungwa, kama mtu anayetafuta mahali pa faragha.

"Rehema amepata tike?"

"Nimekuuliza siku ngapi."

"Usiku moja, dada. Usiku moja na nusu siku."

Nilimwambia maneno, mwanangu. Sitayaandika, maana karatasi hii utaikunja uitunze. Nilimwambia mama alimngoja mwezi. Nilimwambia nani alishuka kaburini. Alikuwa hajui, katika miaka yote hii hakuwahi kuuliza. Nilimwambia hata mbwa humzunguka mama yake. Nilisema mpaka pumzi ikaniishia, naye hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akasema taratibu:

"Dada, mi niko mukimbizi. Ile karatasi yangu ya kusafiri, wameandika ndani: inchi zote za dunia, isipokuwa Burundi. Naweza kwenda hata Japani. Kwetu, apana. Nikikanyaga hapo, wanasema si mukimbizi tena, wananinyang'anya yote."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Uraia nimeomba, faili inazunguka tu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema aje? Mama anaumwa, mi niko muzima, tike naweza kununua, ndege inaruka kila siku, lakini mulango umefungwa? Angeuliza nimefanya nini. Watu ya barabara yetu wangeuliza nimefanya nini. Nikasema mbali. Mbali haiko kosa ya mutu, dada."

Hasira niliyokuwa nimeibeba tangu Jumamosi ilikosa mahali pa kutua. Nilitaka imwangukie mtu na mtu mwenyewe alikuwa amekaa peke yake katika chumba cha mbali, anasubiri nimalize kumtukana.

Halafu nikakumbuka jikoni. Hapo ndipo nilipoogopa, Rehema, na woga huo ndio ulionifanya nichukue kalamu.

Unakumbuka mwezi uliopita, tulipokuwa tunamenya ndizi, nikakuambia: ukifika huko, hayo masomo soma, lakini fanya kama wengine, omba asile, hiyo hifadhi ya wakimbizi, ukae. Usirudi kuhangaika na foleni za mafuta na bei za sukari. Nilikuambia kama mtu anayekuambia beba mwavuli. Wewe ulisema, "Tutaona, mama," na mimi nikaona umekubali, nikafurahi. Nilikuwa nadhani asile ni kama kitambulisho kingine tu, kitu cha kuongeza kwenye mkoba. Hakuna aliyeniambia kwamba ukikipokea unaacha kingine mezani, na hicho unachokiacha ni sisi.

Kwa mdomo wangu mwenyewe nilikuwa nakutuma mahali aliponaswa mjomba wako. Nilikaa kitandani nikajiona nimelala pale alipolala bibi yako, nauliza Rehema amefika wapi, na mtu ananisogezea wewe polepole, leo Bruxelles, kesho Kigali. Nilijifunika uso kwa ushungi. Sijawahi kujiogopa kama siku ile.

Jana jioni baba yako alirudi kutoka bandarini, akanikuta sijapika. Nikamsimulia yote. Yeye unamjua, hachangamki upesi, anasikiliza kama mtu anayesikiliza injini. Alinawa mikono, akakaa, akaomba nimwambie tena maneno yaliyoandikwa kwenye ile karatasi. Nikasema, nchi zote za dunia, isipokuwa Burundi. Akafikiri. Halafu akaniuliza, tena kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Kwani Kigoma iko Burundi?"

Nilimtazama. Mwanaume huyu, kila wiki anapokea boti za Kigoma na kuzirudisha. Kigoma kwake ni kama kwangu mtaa wa Buyenzi, mahali pa kwenda na kurudi. "Na Uvira je?" akaongeza. "Uvira ya Kongo unaiona hapa ku ufukwe, haina haja ya ndege." Kisha akaniambia kwa Kigoma ningeondoka asubuhi kwa gari nikala chakula cha jioni kule, na kama mafuta hayapo, atanipandisha kwenye boti ya mizigo, manahodha wote anawafahamu.

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikampigia Shabani tena, na safari hii nilimsalimia. Nikamwambia kuhusu Kigoma. Nilidhani atashtuka nilivyoshtuka mimi. Hakushtuka.

"Nilishawaza, dada. Miaka mingi nawaza. Mara moja nilishika tike ya Kigoma mukononi."

"Ikawaje?"

"Niliogopa. Nikifika pale nitaona yale maji. Najijua. Nitaingia ku boti."

Nikamwambia, wewe kaa nchi kavu, mimi ndiye nitakayeingia ku boti. Akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, kwa kwikwi, na mimi sikumnyamazisha. Aliponyamaza mwenyewe aliuliza kaburi la mama liko upande gani wa lile la baba. Nikamwambia. Akauliza kama shemeji yake alimshusha vizuri. Nikamwambia alimshusha kama yai.

Tumekubaliana atakuja Kigoma akipata likizo. Bi Mariamu nimeshamwambia leo asubuhi, mlangoni kwake, kwa sauti ambayo hata mafundi wa gereji ya jirani wameisikia: Shabani hakuja kumzika mama kwa sababu alizuiwa, si kwa sababu ni mbali. Akasema, "Alhamdulillahi, sasa tunaweza kumuombea vizuri." Kumbe miaka yote walikuwa hawajui wamuombee nini.

Kwa hiyo Ijumaa ukitoka pale uwanjani utamkuta. Amesema atafika mapema, na najua atakuwa amevaa shati asilolivaa kila siku. Amezeeka, usishangae. Mwamkie shikamoo, mwite mjomba, na akianza kukueleza kwa nini hakuja, mwache aeleze mpaka mwisho hata kama umeshajua. Miaka hii yote alikuwa na neno moja tu la kujitetea, na nimemnyang'anya.

Na wewe? Neno nililokuambia jikoni nalirudisha. Sikuambii uombe, sikuambii usiombe. Ulikotoka unakujua na unakokwenda utakujua wewe, si mimi ninayepima dunia kwa pipa. Huenda kutatokea jambo hapa, Mungu apishe mbali, likafanya karatasi ile iwe ndiyo uhai wako, na sitaki siku hiyo barua ya mama yako ikufunge mikono. Ichukue. Ukiichukua, nitakuja Kigoma. Nitakuja kila nitakapoweza, na nikizeeka baba yako atanipakia pamoja na saruji. Usipoichukua, mlango wa hapa unaujua, hata ufunguo unajua tunauweka wapi.

Ila usije ukaichukua kwa sababu mama alisema ukiwa unamenya ndizi. Hilo tu ndilo ninalokuomba kuhusu karatasi.

Nasikia lango la nje. Si wewe, ni baba yako, amekuja kusema amepata teksi yenye mafuta ya kutosha mpaka uwanjani na kurudi. Anatembea uani kama hana la kufanya. Ana huzuni, lakini ukimuuliza atakuambia ni mgongo.

Nimalizie upesi. Siku moja, Rehema, nitaugua. Haitakuwa leo, usianze. Lakini nitaugua, na nitakupigia, au baba yako atakupigia. Siku hiyo utakuwa na maneno mawili ya kuchagua. Ukiniambia "nakuja", nitajua ni usiku mmoja na nusu siku, nitakusubiri. Ukiniambia "siwezi, mama", nitalia, halafu nitakuambia nimesikia, nami nitalala nikijua uliko na kilichokuzuia. Yote mawili nitayaweza. Lakini nisije nikamuuliza mtu asubuhi umefika wapi, naye akanijibu. Usimwambie yeyote ni mbali. Majirani wakinisitiri nitawasamehe, ndivyo walivyolelewa. Wewe nimekuzaa mimi. Wewe niambie.

Mama yako,
Hadija